Ndiva Niliyoizibua Ikiwa Nusu

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe kimoyomoyo, maana tangu tulipokuzika kule Suji hakuna mwingine anayeivuta kama ulivyoivuta wewe, mpaka mtu anajiuliza amekosea nini.

Chuoni walinichagua, mimi na wachache wa mwaka wetu, kwenye programu ya masomo ya ziada. Wenzetu wanatuita wateule. Najua ungecheka, wewe mwanakwaya wa Kilutheri ambaye mteule ulimjua wa kwenye Biblia tu. Uteule wenyewe ndio huu: Jumamosi wenzako wanafua na kulala, wewe uko darasani, likizo wanapanda basi kwenda kwao, wewe unabaki kuandika utafiti. Pasaka sikuja nyumbani kwa sababu hiyo. Tena humo kila mtu Kiingereza kinamtiririka, mimi nikifungua mdomo lafudhi ya Kipare inatangulia. Nikachoka. Wiki iliyopita nilikwenda kuchukua fomu ya kujitoa.

Nitairudia fomu hiyo. Kwanza kuna jambo la ndiva, na ndilo lililonifanya niiandike barua hii wazi, watu wa nyumbani nao waisome.

Nilikuwa darasa la saba. Asubuhi ile zamu ya maji ilikuwa yetu, ukanituma nikakae kwenye ndiva, lile bwawa letu la udongo linalopokea maji ya mfereji, ningoje lijae ndipo nizibue. Lakini ilikuwa siku ya gulio Hedaru, mama alikuwa ameniahidi ndala mpya, na gari la kuteremka halikuwa na subira. Bwawa lilipofika nusu nikajiambia maji ni maji. Nikazibua, nikakimbilia gari.

Maji yalipita mashamba mawili, yakafia kwenye vumbi kabla hayajayaona mahindi yetu. Waliotufuata kwenye zamu wakakuta bwawa tupu. Niliporudi, kikao kilikuwa kimeshaitwa.

Adhabu ilijulikana: aliyeharibu zamu hutoa tope la ndiva peke yake, juma zima. Na juma lile ndilo nililotakiwa kwenda Same mjini kwenye kambi ya masomo, ambako shule yetu ilikuwa inapeleka watoto wawili tu. Nilijificha nyuma yako, ndala mpya miguuni. Ukainuka kabla sijaulizwa, ukasema ni wewe uliyezibua, macho yamekudanganya ukadhani bwawa limejaa. Sidhani kama walikuamini sana, lakini nani pale angethubutu kubishana na wewe?

Basi mimi nikaenda Same, wewe ukaingia topeni. Niliporudi bado ulikuwa humo, siku ya mwisho, tope limekufika magotini. Nilikuletea makande, nikakuomba msamaha nikilia. Ulikula kwanza, taratibu, mpaka ukamaliza.

"Maji ya nusu huishia njiani, mwanangu," ukasema. "Siku nyingine ngoja."

Hukulitaja tena, hata kwa utani, wewe ambaye hukuchoka kunitania kwa hii pua yangu. Kambi ile ilinifikisha sekondari nzuri, na sekondari ikanifikisha hapa. Asante, Shangazi. Nilipaswa kukwambia ukiwa hai, lakini kila nilipotaka kuanza aibu ilinishika, nikakuuliza habari za mbuzi.

Sasa ile fomu. Ilitaka jina, sababu, na kiasi cha programu nilichomaliza. Jina niliandika. Sababu nilizijaza mpaka zikapanda pembeni mwa karatasi. Kwenye kiasi nikaandika "nusu". Nikalitazama neno hilo mpaka mwalimu anayetusimamia akaniuliza kama kalamu imeisha wino. Nikamwambia wino upo, na kwa mara ya kwanza nikamweleza kwamba nimechoka na kwamba Kiingereza kinaniacha nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipa Jumamosi moja kila mwezi ya kupumzika, na akasema nikikwama niulize kwa Kiswahili, yeye si Mzungu. Kumbe ilikuwa ni kusema tu.

Fomu nimeichana. Nimebaki. Bado nachoka, sitakudanganya, na Jumamosi nyingine bado nawaonea wivu wanaofua. Lakini nangoja lijae.

Desemba kuna msaragambo wa kusafisha ndiva, kijiji kizima na majembe yake, nami nitakuja. Watu wakishakusanyika nitasimama palepale uliposimama, niwaambie kwamba siku ile macho yako yalikuwa mazima.

Pumzika, Shangazi.

Mtoto wa kaka yako,
niliyezibua.