Semina ya Machozi

Jumapili, 2 Juni 2024
Mchungaji Nehemia katangaza semina ya wanaume Jumamosi. Mada: mwanaume na machozi. Machozi! Kijana wa miaka thelathini na moja, kitambi bado hana, anataka sisi tutoe machozi. Mzee Alphonce, mwenyekiti wetu wa wanaume, akaguna mpaka kwaya ikageuka. Nje akasema Daudi alimpiga Goliati jiwe, hakumwuliza anajisikiaje. Tukacheka sana.

Watu wakaniulizia mke wangu. Nikasema yuko kwao Kagunga, anamuuguza mama yake. Uongo, tena mlangoni pa kanisa. Mamamkwe ni mzima kuliko mimi. Marcelina aliondoka tu — wiki ya tatu sasa.

Mtoto wetu alizaliwa amekufa, tarehe 9 Aprili. Saa nne tukazika. Saa nane nilikuwa kazini nafungua kabureta ya boti ya watu. Fundi injini hodari, mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekwenda kwa sababu ya chai na samaki, migebuka ya kukaanga. Bwana anajua.

Mchungaji akasema kila mtu amgeukie jirani amwambie kinachomuuma. Jirani yangu Mzee Alphonce. Akasema: goti. Nikasema: mgongo. Tukaombeana goti na mgongo, amina, tukarudi kwenye chai.

Mchungaji akakumbusha kwamba Yesu alilia kaburini kwa Lazaro. Mzee Alphonce akasimama kupinga: alilia, sawa, lakini alijua anakwenda kumfufua! Sisi je? Akasema mke wake ana miaka sita kaburini na hajamlilia, maana siku ile alikuwa anahangaika na maturubai na viti vya wageni.

Akalia. Si kilio cha heshima — kamasi mpaka kwenye tai! Wanaume thelathini tukatazama bati. Hakuna aliyejua amshike wapi. Mimi nikampa kikombe cha chai. Hakikuwa hata changu.

Jumatatu, 10 Juni
Nimempigia Marcelina. Nilifanya mazoezi kwanza, kama mtu anayeomba kazi.
Nikamwuliza: unaendeleaje, lakini kweli?
Akauliza kama nimekunywa.
Nikasema nilikwenda semina.
Akakata.

Jumatano, 12 Juni
Kagunga. Nimepanda boti Kibirizi asubuhi, nimetapika njiani. Fundi wa boti!

Shikamoo Mama. Mamamkwe akaitikia baada ya kunipima juu mpaka chini. Akasema mkeo yuko ufukweni, na dagaa hawahitaji msaada wako.

Nikamkuta anageuza dagaa juani. Nikasema nisamehe.
"Kwa lipi?"
Hapo semina haikufika. Nikaokoteza maneno. Nikasema siku ile sikukimbilia kazini kwa ugumu wa moyo. Muuguzi alinipa mtoto nimshike. Wewe ulikuwa bado na usingizi wa upasuaji. Nilimshika, nikaogopa mikono yangu. Nikaitafutia kazi.

Akaacha dagaa.
"Ulimwona?"
Nikasema ndiyo.
"Wewe Elikana! Mimi niliambiwa ameshazikwa. Nimekaa miezi miwili namtungia sura mwenyewe, kila siku sura nyingine. Na wewe sura yake unayo? Umekaa nayo kimya tu?"

Nilidhani atanipiga na ungo. Ningestahili. Ee Mungu, mimi nilijua namkinga!

Akakaa mchangani. Akasema: anza na kichwa.

Nikaanza. Nywele nyingi, zimelala upande mmoja. Masikio ya kwangu, pole yake. Hapo akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Na mimi kikanigeuka — mbele ya wavuvi wote wa Kagunga, na mmoja wao nilimtengenezea injini mwaka jana! Akavuta nyavu zake kama hajaona. Mungu ambariki.

Sasa ameingia ndani kunawa uso. Mamamkwe ametuita chakulani mara mbili. Marcelina amemjibu, "Mama, ngoja kwanza, bado hajafika kwenye pua."

Anarudi. Amebeba mkeka.