Kilio ya Kambale Mbele ya Kamera

Butembo, Mususa

Tata wangu,

Nakusalimia sana, weye na Mama na bote benye kulala mu nyumba yetu. Kama karatasi hii inakukuta umeketi ku muliango ukiota jua, kaa vile vile, juu barua iko murefu. Magoti ya Mama inasema nini na hii baridi ya Luofu? Na maharagwe, basoda na bunduki zao balibaachia kitu, ao balivuna mbele yenu tena? Sisi huku tuko bazima. Risasi tunasikia za mbali, vitunguu bei yake imepanda, cherehani yangu ingali inatembea, na mudogo wetu Kasereka anakula kama batu babili. Donc tunashukuru Mungu.

Sasa niingie mu maneno. Ule mama wa Musienene mwenye kuuza maharagwe alinifikishia ujumbe yako, na hakupunguza kitu. Alisema umesikia kwamba batoto yako ya Butembo balimulilia ndugu yao Kambale mbele ya kamera, kwa muchezo, na kwamba mutoto wako hapana kitu ya kuchezea. Alisema tena kwamba mpaka leo hujanyoa nywele, ile kunyoa ya kumaliza kilio. Tata, nilikasirika, sitaficha. Siku ile nilikata kitambaa ya mutu vibaya. Kisha nikajiambia: hii kichwa ngumu niliipata kwake, acha nimueleze polepole, na hasira yake ingoje mpaka mwisho wa barua.

Unajua kama vile najua. Kambale alikufa juu ya kamio, lori ya mizigo, upande wa Beni, na balimuzika kulekule batu benye habakumujua, juu barabara ilifungwa. Weye ukasema hapana kulia mutu mwenye hujaona kaburi yake. Sisi tukatii. Hakuna mukeka ilitandikwa, hakuna moto iliwashwa inje, hakuna mutu alisimama kusema batoto yake batabaki na nani. Muke wake kule Beni anauza mawese sokoni na nguo yake nyeusi, anatungojea sisi. Ni hapo mambo ilikuwa, wakati Kasereka aliniletea habari ya filme.

Kazi yake ni kuchunga mashini mu nyumba ya video. Muchana kutwa anaangalia ule mutu wa filme mwenye kufunika uso, mwenye kuruka juu ya manyumba na kuokoa batu. Bijana bote ba Mususa banamupenda kupita mupira. Basi bakaamua kutengeneza filme yao. Kamera ilikuwa ya rafiki yao mwenye kupiga picha za ndoa. Nguo niliishona miye, na pazia yangu nyekundu, na ilimukaa Kasereka vizuri sana, usifikiri najisifu bure. Kwa picha ya kuruka, balimulaza kifudifudi juu ya chukudu ya mbao, ile ya kusukumia mizigo, ku mutelemuko, na mwenye kamera juu ya chukudu ingine pembeni. Aliruka kweli, mpaka ndani ya shamba ya viazi ya mama mumoja, na tulishinda siku nzima tukipanda upya. Ku barrière ya basoda, komanda alifikiri ni mupiganaji wa Mai-Mai ya aina ya mupya. Alipoelewa, akaomba naye aonekane. Ni yeye mutu mubaya wa filme, na kila akipita hapa anauliza kama alicheza vizuri.

Lakini hadisi yenyewe hapana ya kuruka. Kasereka aliandika kwamba ule mutu alipata nguvu yake siku yaya yake, ndugu yake mukubwa, alikufa. Anaokoa muji muzima, batu banamupigia makofi, lakini mu nyumba ya yaya yake batoto banalala njaa. Yeye hapana kuingia mule, juu kuingia ni kukubali kwamba mukubwa amekufa kweli. Niliposoma ile, niliweka karatasi juu ya cherehani na nikatoka inje kidogo. Nilijua ni hadisi ya nani.

Ikafika siku ya kupiga picha ya kilio, na hapo kila kitu ikakwama. Nani atakubali balie juu yake akiwa muzima? Jirani yetu mumoja, mzee mwenye kupenda kasiksi, pombe ya ndizi, alikubali. Alikuwa amekwisha kulala juu ya mukeka, amefunikwa mpaka kichwa, wakati muke wake alifika na muti ya kutwangia. Maiti ikakimbia mbele ya batu bote. Ba mama nao bakakataa kulia, bakasema kulia bure ni kuita kifo. Miye pia nilikuwa upande wao, Tata. Usiseme nimesahau desturi yenu juu nakaa mu muji.

Kasereka akaketi chini na ile nguo nyekundu, maski ya kufunika uso mu mikono. Akaniambia, “Yaya Masika, sisi tuko na mufu wetu, na hakuna mutu alimulilia.”

Nilifungua kitambaa ya kichwa, nikaketi juu ya mukeka, nikaita jina ya ndugu yangu. Nilifikiri nitalia kidogo tu, ya kamera. Ilitoka yote, Tata. Ilitoka mpaka nikasikia uchungu mu mbavu.

Unajua Mususa, manyumba imebanana. Jirani balisikia, na hakuna mwenye aliuliza kama ni filme. Mama mumoja alikuja na kuni juu ya kichwa. Mwingine na maji, mwingine na unga na maharagwe. Babaume bakawasha moto inje, bakaketi. Ule mzee wa kasiksi akarudi na koti yake ya kanisa, akalia kupita bote. Nilitaka kusimama nibaambie ukweli, mais kusema kweli hakukuwa tena kitu ya kubaambia. Bijana balisahau kazi yao. Ni mwenye kamera peke yake alibaki amesimama, anapiga, machozi inamutiririka.

Mujomba, ule mudogo ya Mama mwenye kukaa karibu ya soko, alifika mbio akifikiri ni weye umekufa. Nilipomwambia ni Kambale, alifuta jasho, akasema kilio hii imechelewa sana. Kisha akasimama karibu ya moto, vile mujomba anapaswa kusimama, akauliza, “Kambale ameacha batoto. Nani atababeba?”

Hii haikuandikwa mu karatasi ya Kasereka. Mu karatasi, mutu wa nguvu alipaswa kupanda juu ya nyumba na kuruka. Yeye alivua maski. Uso yote ilikuwa maji. Akasema, “Ni miye, Kasereka. Batoto ba Kambale ni batoto bangu.” Mujomba akauliza tena, juu kila mutu asikie, na akajibu vile vile, na sauti ya mutu muzima. Tata, huyu ndiye tulimubeba mugongoni wakati wa kukimbia vita. Nilimuangalia na nikasikia fierté, kujivunia mudogo wangu, yenye sijasikia tangu nizaliwe. Nataka weye pia uisikie, ni juu ya ile nakuandikia.

Na haikukuwa maneno ya moto tu. Barabara ilipofunguka kidogo, alipanda kamio mpaka Beni, kaseti ya filme mu shati. Muke wa Kambale aliangalia filme mpaka mwisho, inje mu lupango ya nyumba yake yenye kujaa jirani. Mutoto wake mukubwa akauliza Kasereka kama anajua kuruka kweli. Akamujibu hapana, mais kubeba anajua. Sasa ule mutoto anasoma hapa Butembo, analala kwetu, na Kasereka anasukuma chukudu ya viazi kila asubuhi mbele ya kwenda ku video. Muke wa Kambale alinitumia neno moja tu: nguo nyeusi ataivua siku weye utanyoa.

Unisalimie Mama, nimemutumia kitenge. Salamu kwa shangazi mwenye kuimba kanisani, kwa bamukwe bangu bote, na kwa jirani yetu mwenye ng'ombe, kama bamemuachia hata moja. Directeur wa shule ya huko iko na télé na groupe ya kutoa umeme, na amekubali kukupokea uangalie kaseti yenye nimetuma na barua hii.

Kaseti ikifika pahali mutu wa nguvu anaondoka, hapana kusimama, juu bado haijaisha. Kasereka alienda Beni na mwenye kamera. Alitafuta ile pahali balimuzika Kambale mpaka akaipata, akaipalilia, akaweka musalaba. Utaona udongo, utaona jina. Ulisema hapana kulia mutu mwenye hujaona kaburi yake. Angalia basi, Tata, ni yeye. Wembe mupya iko ndani ya boksi ya kaseti, nimeifunga mu kipande ya pazia nyekundu.

Ni miye mukubwa ya batoto yako, mwenye kichwa kama yako,

Masika