Nyasi za Nyumba Yako

Mama Mutua mpendwa,

Salamu nyingi katika jina la Yesu. U hali gani huko? Najua huko hakuna presha wala magoti kuuma, lakini mkono umezoea kuuliza. Sisi ni wazima, ila mimi nimekasirika, na afadhali nikuambie wewe kabla sijamtukana mtu.

Ni ile nyumba yako ya serikali. Tulipokuzika tu, ofisi ya nyumba ilitupa siku saba tutoe vitu, eti kuna watu wanangoja. Tukatoa, hata yale mapazia uliyoshona. Karani akaweka kufuli. Mvua mbili zimepita, kufuli ni lile lile. Kwanza ilikuwa inangoja rangi. Halafu ikangoja fundi wa kukagua rangi ambayo haijapakwa. Na Mwikali, yule uliyekuwa ukimwombea apate nyumba, bado analala na watoto wanne chumba kimoja nyuma ya kinu cha posho, wanakohoa unga.

Sisi akina mama wa ushirika wa kanisa hatukuacha kuja kila Alhamisi kufagia uwanja wako na kumwagilia maua. Ulikuwa ukituambia, "Msiruke kona, Mungu anaona kona." Tuliona vibaya uonekane umesahaulika.

Wiki jana nilimsindikiza Mwikali ofisini. Karani akafungua faili, akasema bila kuinua macho, "Hiyo nyumba iko na mtu."

Mtu gani? Kumbe mkaguzi alipita na gari, akaona uwanja umefagiwa, maua yana maji, akaandika hivyo. Hakushuka. Hakugusa hata kufuli. Nikamwambia karani huyo mtu tulimzika. Akasema nilete barua. Mwikali akamfunga mtoto vizuri mgongoni.

Tulitoka nje. Hata kuomba nilishindwa, Mungu anisamehe. Ufagio wangu, Mama Mutua. Ufagio wangu ndio umemfungia mlango.

Sasa sikia. Alhamisi hatufagii. Nimewaambia akina mama waache nyasi ziote mpaka dirishani na maua yakauke, ili hata wa kupita na gari aone kwamba ulikufa. Itaniuma kama kukuzika tena. Lakini siku Mwikali atakapopewa ufunguo, nitakuja na jembe na ufagio, na sitaruka kona.

Pumzika, dada yangu. Tafadhali unijibu upesi, kabla mvua haijaanza, uniambie kama umeniruhusu.

Wako katika Kristo,
Mama Kyalo