Bibi wa watu ametusalimia kwa Kiswahili

Shoga, acha ulichoshika unisikilize. Mbavu sina.

Si unamjua kitinda mimba wetu, yule aliyekwenda Ulaya kutunza wazee? Leo kapiga simu ya video akiwa kazini, ili Mama aonane na bibi anayemtunza. Mama kavaa gauni lake la harusini, kakaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti.

Bibi akatokea, kajipodoa, akapunga mkono. Akasema kwa Kiswahili safi kabisa: "Bibi huyu atanitoa roho!"

Shoga, ATANITOA ROHO. Na tabasamu juu!

Kumbe ndivyo mdogo wangu anavyoanza kila akitupigia kulalamika. Bibi wa watu kasikia weee, akajua ndiyo salamu yetu.

Mdogo wangu alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama kamtolea macho: "Mtu mzima kama mimi ndiyo unamsema hivyo? Piga magoti umwombe radhi. Sasa hivi!"

Akapiga, shoga. Mdogo wangu, naye mama wa watoto wawili, magotini!

Bibi kumwona chini akadhani kaanguka. Akabonyeza kile kidude cha dharura anachovaa shingoni. Punde si punde wahudumu wa gari la wagonjwa hao, na machela. Mmoja anampima mapigo, mwingine anamuuliza anaumwa wapi.

Maskini akataka kuinuka aeleze. Mama akafoka kwenye simu mpaka wale wahudumu wakaganda:

"Nani kakwambia uinuke? Amekusamehe huyo?"