Slipu ya bluu

Jumamosi, kabla ya giza

Sikumcheka peke yangu. Bwawa zima lilicheka.

Kazi yangu tangu nimalize shule ni kuazimisha nguo za kuogelea pale mlangoni. Sheria ya wazungu bado iko ukutani: mwanaume haingii majini na kaptula, ila na chupi ya kubana, slipu.

Leo alikuja Maître, mwalimu wangu wa darasa la sita. Kwa kuwa asili yake ni mkoa wa Kasai, si huku kwetu, wenyeji wamemfukuza nyumbani kwake, mtaa wa Kampemba. Analala stesheni na watoto, wanangoja treni ya kuwarudisha kwao. Alitaka kuoga tu.

"Mwanangu, unisaidie. Sina slipu."

Msimamizi alikuwa ananitazama. Kila siku anasema anayewahurumia watu wa Kasai aondoke nao. Nikampa ile ya bluu, ya mtoto.

Alitoka ameziba mbele kwa mikono miwili. Nyuma hakuwa na cha kuzibia.

"Maître, geuka uandike ku tableau, ku ubao!" mmoja alipiga kelele majini.

"Panda ku treni vile-vile!"

Nami nikacheka, kwa sauti, ili msimamizi asikie.

Aliirudisha ameikamua, ameikunja vizuri.

"Aksanti, mwanangu."

Slipu kubwa ilikuwa kikapuni, miguuni pangu. Aliiona.