Jina Lako Nimelitoa Kwenye Kadi

Holger, supu ya dengu iko kwenye friji, ipashe moto. Wiebke, mwanangu, chupa tupu zirudishe dukani leo, si kesho.

Asubuhi nilijaza kadi ya kutoa viungo vyangu nikifa. Penye mtu wa kuniamulia ndiyo au hapana nikaandika jina lako, Holger. Ukacheka: "Mama, hata soksi unanichagulia wewe!" Lakini mkono wako uliacha kupaka siagi.

~~Bado nimenuna.~~ Hasira za kile kicheko chako zimeisha. Ile kadi nimeichana, nikajaza nyingine: ndiyo, vyote, hata macho. Iko pochini mwangu. Hakuna daktari atakayekutaka uamue, nami nimepumua. Siku hiyo kazi yako iwe kulia tu.

Mama