Udongo Unaotunza Maji

Kaka Magesa, huko Kitaji hamjambo? Mimi niko Nyamuswa, nimesimama katikati ya shamba ulilonunua masika bila kushika hata jembe, ukautangazia ukoo mzima kwamba udongo wake unatunza maji.

Kweli unayatunza. Juu kuna changarawe ya kina cha kiganja, na chini yake udongo umeshikamana kama sakafu ya kanisa. Leo nimepiga sururu ikadunda, mkono mzima ukafa ganzi. Mizizi ya mahindi yako imefika hapo ikalala ubavu.

Jirani yako, Mama Nyabise, amecheka mpaka akakaa chini. "Maji hayashukagi hapa, yanakaaga juu tu. Sisi tunalishiaga ng'ombe. Kaka yako hakuuliza?"

Nikamwambia kaka yangu ni msomi, haulizagi.

Na ile pembe ya shamba uliyotuonyesha kwenye picha, kwamba ndipo tutakuzika? Nimeijaribu pia. Kwa hiyo kula vizuri, meza dawa zako za presha, uishi miaka mingi sana. Hilo kaburi hatuna nguvu za kulichimba.

Dada yako akupendaye,
Nyangeta